Namna ya kupunguza ulaji wa mafuta kwenye Toyota IST na Vitz za zamani

Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, na Vitz za miaka hiyohiyo, ni miongoni mwa magari ambayo Mtanzania wa kipato cha kawaida huanza nayo, na sababu anayoitaja karibu kila mnunuzi ni kwamba hayali mafuta. Baada ya miaka michache mwenye gari lilelile huanza kulalamika kwamba sasa linakunywa, na anapouliza gereji huambiwa kuwa gari limechoka, avumilie au auze. Mwongozo huu unaandikwa kwa sababu jibu hilo mara nyingi si sahihi. Injini za 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496 ni imara, na zikibadilishiwa oili kwa wakati hudumu kwa muda mrefu bila kufunguliwa. Kinacholifanya gari lile mafuta kupita kiasi aghalabu si umri wake, bali ni yale liliyotendewa katika umri huo: kifaa kilichotolewa na hakikurudishwa, waya uliounganishwa kienyeji, oili ya aina nyingine, tairi za saizi nyingine. Kwa hiyo kazi kubwa iliyo mbele yako ni kulirudisha gari katika hali ambayo kiwanda kilikusudia, kisha kuliendesha kwa utulivu.

Pima kabla ya kufungua boneti

Watu wengi hukadiria ulaji wa mafuta kwa fedha, kwamba wakiweka elfu thelathini Jumatatu wanafika Ijumaa. Kipimo hicho hakifai, kwa kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zaidi ya hapo mshale wa geji ya mafuta haushuki kwa mwendo mmoja kutoka juu hadi chini. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe kwa mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo, na urudishe kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea shughuli zako za kawaida mpaka mafuta yafike chini ya nusu, rudi kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoandikwa kwenye risiti. Ukiwa umetembea kilomita 312 na tangi limepokea lita 26, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita. Rudia zoezi hilo mara tatu na utumie wastani, maana tangi moja linaweza kudanganya: wiki ya mvua na foleni hailingani na wiki ya likizo ya shule.

Angalia pia kama tairi zilizofungwa ni za saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni mwa dereva. Mtu aliyefunga tairi kubwa zaidi ili gari liinuke hupata kilomita chache kwenye dashibodi kuliko alizotembea kweli, na aliyefunga ndogo hupata nyingi kuliko ukweli, hivyo hesabu yote inapotoka kabla hata ya kuanza.

Je, ulinganishe matokeo yako na nini? Usiyalinganishe na karatasi ya mauzo ya Japani. Takwimu za magari ya miaka ile zilitokana na kipimo kilichoitwa 10-15, ambacho kilichukua sekunde 660 kwenye mashine ya maabara, kwa umbali wa kilomita 4.16 na mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na injini ikiwa imekwisha kupata joto. Hakuna mtu anayeendesha hivyo kutoka Kimara kwenda Posta. Kwa jinsi magari haya yanavyojionyesha barabarani, IST yenye injini ya cc 1,298 iliyo na afya hupata kilomita 11 hadi 13 kwa lita ndani ya jiji, na 15 au zaidi kidogo kwenye barabara kuu kwa mwendo wa wastani. Ukipata 8 au 9, kuna kitu kinachohitaji kutafutwa.

Inafaa kujua pia kwamba faida kubwa iko kwa gari lililo baya zaidi. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwa ulaji wa kilomita 9 kwa lita hutumia lita 1,667. Akifika 11 hutumia 1,364, yaani ameokoa zaidi ya lita 300. Kutoka 13 kwenda 15, ambako pia ni hatua ya kilomita mbili, huokoa lita 154 tu. Kwa sababu hiyo, kama gari lako tayari linakwenda 13 mjini, usitumie fedha nyingi kutafuta zaidi. Kama linakwenda 8, kila shilingi utakayoitumia kwenye matengenezo sahihi ina nafasi kubwa ya kurudi.

Injini inayotembea ikiwa baridi

Ningetakiwa kuchagua jambo moja tu la kukagua kwenye gari dogo lililokaa miaka mingi mikononi mwa mafundi wetu, ningechagua themostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kwa injini za NZ huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi. Gari linapoanza kuchemsha, fundi asiye na subira hukitoa kifaa hiki akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na themostati ni ya Wazungu wenye barafu. Kuchemsha hupungua kwa muda, mwenye gari hushukuru, na tangu siku hiyo injini yake haipati tena joto inalolihitaji.

Madhara yake ni haya. Kompyuta ya injini husoma joto la maji kupitia sensa, na maadamu inaona injini bado ni baridi huongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya injini baridi na sehemu yake huganda kwenye kuta bila kuungua. Katika gari lenye themostati nzima hali hiyo hudumu dakika chache tu baada ya kuwasha. Katika gari lisilo nayo huweza kudumu safari nzima, hasa usiku, wakati wa mvua, au katika miji ya baridi kama Mbeya, Njombe na Makambako. Petroli isiyoungua huteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi, na silinda huchakaa mapema, hivyo hasara haiishii kwenye kituo cha mafuta.

Mara nyingi themostati ikishatolewa, feni nayo huunganishwa moja kwa moja, yaani huzunguka tangu funguo inapowashwa hadi inapozimwa, badala ya kusubiri amri ya sensa. Feni hiyo inakula umeme wa alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini inakula petroli. Juu ya hayo yote, upepo wake unaipoza injini ambayo tayari ni baridi. Ni rahisi kuigundua: washa gari asubuhi likiwa halijatembea, zima kiyoyozi, na usikilize. Feni ikizunguka papo hapo, kuna waya uliochezewa, au sensa ya joto la maji imeharibika na kompyuta imeamua kuizungusha kwa tahadhari.

Vitz nyingi hazina geji ya joto yenye mshale. Zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikizidi joto. Kwa injini iliyo sawa, katika hali ya hewa ya Dar es Salaam, taa ya buluu inapaswa kuzimika baada ya dakika chache za kutembea. Ikichelewa sana, au ikizimika mjini kisha ikawaka tena unaposhika mwendo barabara kuu, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi.

Hapa naomba usome kwa makini, kwa kuwa utaratibu wa kazi una maana kubwa. Usirudishe themostati kabla ya kuondoa sababu iliyomfanya fundi wa kwanza aitoe, la sivyo gari litachemsha na injini inaweza kupinda silinda hedi. Aghalabu sababu ni rejeta iliyoziba kutu kwa kutumia maji ya bomba miaka mingi, mfuniko wa rejeta ambao springi yake imechoka na haushiki tena presha, pampu ya maji inayovuja, au feni iliyoungua mota. Safisha rejeta au ibadilishe, nunua mfuniko mpya wenye presha ileile iliyoandikwa kwenye ule wa zamani, hakikisha feni inajiwasha na kujizima yenyewe, ndipo ufunge themostati mpya na kujaza kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, kisha hewa itolewe kwenye mfumo. Kabla ya kuifunga, mwambie fundi aitumbukize themostati kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto ili mwone wote wawili kwamba inafunguka. Nyingine zinazouzwa madukani ni mbovu tangu zikiwa kwenye boksi.

Hewa, cheche na sensa

Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta, na kompyuta ya injini hufanya kazi muda wote kuutunza uwiano huo. Inategemea sensa mbili zaidi ya nyingine zote: ile inayopima hewa inayoingia, iliyo karibu na boksi la chujio la hewa, na ile ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Ya kwanza ikishika vumbi na mvuke wa oili hupima vibaya. Inasafishwa kwa spirei maalumu ya sensa ya hewa tu, bila kuigusa kwa kitambaa, brashi wala kidole, kwa kuwa waya wake ni mwembamba mno. Kuiosha kwa petroli ya kwenye kopo, kama ninavyoona ikifanywa, ni kuihatarisha bure.

Sensa ya oksijeni huchoka polepole bila kuwasha taa yoyote, na inapochoka kompyuta huweza kumimina mafuta mengi kuliko yanayohitajika. Dalili zake ni masizi meusi makavu mdomoni mwa bomba la moshi, harufu ya petroli mbichi gari likiwa limesimama, na plagi zinazotoka zikiwa nyeusi kama zimepakwa mkaa. Usiibadilishe kwa kubahatisha. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na usiridhike akikuambia tu kwamba hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Mwombe akuonyeshe marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, injini ikiwa ya moto, gari likiwa limesimama na kisha likiwa kwenye mwendo. Marekebisho yakicheza ndani ya asilimia 10 juu au chini, hali ni nzuri. Yakiwa yameshuka sana chini ya hapo, kompyuta inajitahidi kupunguza mafuta ambayo yanaingia kwa wingi kutoka mahali fulani, pengine nozo (kifaa kinachopulizia mafuta kwenye injini) inayovuja. Yakiwa yamepanda sana juu, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, kwa mfano kwenye hosi iliyopasuka, au pampu ya mafuta haina nguvu. Fahamu kwamba magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile hayasomwi na kila kifaa kidogo cha bei rahisi cha kuunganisha na simu, hivyo usikate tamaa kifaa chako kikikataa kuunganika.

Plagi ni jambo la bei ndogo na watu hulipuuza. Plagi za kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hivi, ilhali za iridiamu huweza kufika 100,000. Katika namba za Denso na NGK zinazoishia na 11, tarakimu hizo humaanisha mwanya wa milimita 1.1, na ndio unaotumika kwenye injini hizi. Fundi akitaka kuugonga mwanya uwe mdogo ili cheche iwe kali, mkatalie. Plagi bandia ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kuandika risiti na kurudishiwa mali, hata kama yuko mbali kidogo na gereji yako.

Chujio la hewa linahitaji maelezo mafupi, kwa sababu ndilo jambo la kwanza linalotajwa kila mahali. Kwa magari ya zamani yenye kabureta, chujio chafu liliongeza ulaji wa mafuta waziwazi. Kwa injini yenye nozo na kompyuta, hewa ikipungua kompyuta nayo hupunguza mafuta, hivyo kinachopotea zaidi ni nguvu ya kuchomoka. Libadilishe kwa ajili ya afya ya injini, hasa kama unapita barabara za vumbi kila siku, lakini usitarajie kwamba litakutoa kwenye kilomita 9 hadi 13. Kusafisha mdomo wa hewa uliojaa masizi kuna faida kubwa kidogo kwa gari ambalo sailensa yake, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu au inapanda na kushuka likiwa limesimama, kwa sababu gari la mjini hutumia muda mwingi likiwa katika hali hiyo.

Magurudumu lazima yazunguke kwa wepesi

Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa Kijapani na kipimo chake ni kilopaskali, na hapo ndipo watu wengi wanapokiacha. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kwa 6.9 upate PSI, ambacho ndicho kipimo kinachosomeka kwenye mashine za upepo. Kilopaskali 220 ni PSI 32, 230 ni 33, na 240 ni karibu 35. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi ikishapata moto presha hupanda na kukudanganya, na nunua geji yako mwenyewe, maana za mtaani hutofautiana. Makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba kila PSI 1 inayopungua kwenye tairi zote huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini gari linalotembea na PSI 22 badala ya 32 linapoteza asilimia 2 kila siku kwa kitu kinachorekebishwa kwa dakika tano, na tairi zake zinalika pembeni.

Breki zinazoshika ni tatizo baya zaidi, na kwa magari ya umri huu limeenea. Pini za kalipa hukauka grisi, pistoni yake hushika kutu, na pedi hubaki zinagusa diski hata baada ya kuachia kanyagio. Nyuma, kebo ya breki ya mkono hukwama ndani ya ganda lake na kuacha viatu vya breki vimebana ngoma. Tafuta mahali tambarare kabisa, zima gari, weka gia huru, achia breki ya mkono, na umwombe mtu mmoja alisukume. IST ina uzito wa takriban tani moja, na mtu mzima mmoja anapaswa kuweza kuliondoa bila kuhangaika. Likikataa, nyanyua kila gurudumu kwa jeki lililosimikwa vizuri na ulizungushe kwa mkono. Njia nyingine ni kusimama baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, kisha kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa; moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, hapo ndipo pa kufungua. Kusafisha na kupaka grisi ya breki pini za kalipa ni kazi ya gharama ndogo ambayo mafundi wengi huiruka wanapobadilisha pedi. Simama hapo uone ikifanywa.

Alaimenti ifanywe baada ya kubadilisha bushi, shokapu au sehemu yoyote ya usukani, na kila mara unapoona tairi zinalika upande mmoja.

Oili na gia

Injini hizi zilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30, na sampu hupokea lita 3.7 hivi pamoja na filta mpya. Gereji nyingi humwaga 20W-50 au SAE 40 kwa imani kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini iliyozeeka. Oili nzito huisumbua injini kujizungusha, hasa asubuhi, na huchelewa kufika juu kwenye vali. Tofauti ya ulaji ni asilimia 1 au 2 tu, lakini unaipata bure, kwani oili hiyo ungeibadilisha hata hivyo. Kama injini yako imeanza kula oili, 10W-30 au 10W-40 ni njia ya kati inayokubalika. Kuruka moja kwa moja hadi 20W-50 kwa sababu tu gari ni la mwaka 2003 hakuna msingi.

Kwenye IST na Vitz za gia otomatiki za hatua nne kuna kitufe kwenye mkono wa gia, na kwenye dashibodi kuna taa inayosema O/D OFF. Taa hiyo ikiwaka maana yake gia ya nne imefungwa, na injini itakuwa ikizunguka kwa kasi isiyo ya lazima kwenye barabara kuu. Kuna watu waliotembea nayo ikiwaka tangu waliponunua gari, wakidhani ni taa ya kawaida. Ibonye izimike, na uiwashe tu unapoteremka mlima mrefu au unapopanda na gia inahangaika kati ya tatu na nne. Vitz za toleo la pili zilizo nyingi zina gia za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua, ambazo zinahitaji oili yake maalumu. Ukimiminiwa oili ya gia za kawaida, hutapoteza mafuta peke yake bali gia boksi nzima.

Mguu wa dereva

Gari likishakuwa sawa, kinachobaki kiko mguuni. Mjini, mafuta mengi hupotea katika kuondoka kwa nguvu na kufunga breki kwa nguvu, kwa kuwa kila unapokanyaga breki unageuza petroli uliyokwisha kuilipia kuwa joto la pedi. Tazama mbali. Ukiona taa za breki za daladala iliyo magari matatu mbele yako zimewaka, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na uliache gari lipungue lenyewe, hata kama bodaboda mbili zitajipenyeza katika nafasi uliyoiacha. Gari lenye nozo likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeachia mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa mpaka mwendo wa injini ukaribie sailensa.

Kwa sababu hiyohiyo, desturi ya kuteremka mlima kwa gia huru haina faida yoyote kwa magari haya: ukiwa huru, injini inalazimika kunywa mafuta ili isizimike, ilhali ndani ya gia isingekunywa kitu. Katika miteremko kama Kitonga au ile ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, desturi hiyo inaziacha breki peke yake zibebe gari zima, na breki zilizopata moto kupita kiasi hazishiki. Watu wamepoteza maisha kwa kujaribu kuokoa mafuta ambayo kwa kweli hawakuyaokoa. Teremka kwa gia ya chini.

Kwenye barabara kuu, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa upepo unakuzuia zaidi ya mara moja na nusu kuliko kwa kilomita 80. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi; katika hesabu ya karatasi, tofauti ya mwendo huo ni kama dakika 28, lakini kwa kuwa sehemu nyingi za njia ni makazi yenye kikomo cha 50, muda utakaoupata kweli ni mdogo zaidi ya huo. Vua keria ya juu kama huitumii, na utoe buti vitu vinavyosafiri nawe bila sababu, kwani kila kilo 45 za mzigo hugharimu takriban asilimia 1 kwa gari la kawaida na zaidi kidogo kwa gari dogo.

Kiyoyozi ni mzigo wa kweli kwa injini ya lita moja au moja na kidogo, lakini sipendekezi mtu aungue jua la Februari kwa ajili yake. Fungua vioo mjini kwa mwendo mdogo ikiwa hewa inavumilika, vifunge na uwashe kiyoyozi barabara kuu, na uoshe kondensa iliyo mbele ya rejeta, maana ikijaa vumbi kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi kuleta baridi ileile. Gari lililosimama huku injini ikiunguruma hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Ukiwa unasubiri watoto getini, lizime. Wala halihitaji kuachwa likipata moto dakika kumi kila asubuhi: nusu dakika inatosha, kisha uende taratibu mpaka joto lipande.

Mambo ya kutotumia fedha

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutumbukiza tangini, na vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti vinauzwa sana mitandaoni kwa ahadi za asilimia 20 au 30. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima au kuchunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, tena ndogo. Petroli ya oktani ya juu nayo haina kazi hapa, kwa kuwa injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake huanzia oktani 89. Linalofaa kuzingatiwa zaidi ni usafi wa mafuta yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua. Nunua vituo vinavyotoa risiti, uepuke madumu ya barabarani, na ikiwa injini inaanza kugonga unapopanda mlima mara tu baada ya kujaza, kumbuka kituo ulichojaza.

Baada ya kila tengenezo moja, rudia kipimo cha tangi kabla ya kuingia kwenye lingine, na uandike tarehe, kilomita, lita na kilichofanyika katika daftari linalokaa garini. Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja hutajua kipi kilisaidia, na fundi wa kesho hatakuwa na pa kuanzia. Ikiwa themostati ipo, breki ziko huru, marekebisho ya mafuta yako ndani ya kiwango, gia ya nne inaingia, na bado gari halivuki kilomita 9 kwa lita, omba kipimo cha kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda, kwa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka mwisho. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo liko kwenye vali, ringi au gasketi, na hapo ndipo mazungumzo ya kufungua injini au kununua nyingine yanapokuwa na haki ya kuanza.